Madokezo na kamusi kwenye Kindle, Kobo na KOReader: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu visomaji vya vitabu vyenye skrini ya wino wa kielektroniki: Kindle, Kobo, na vifaa vilivyowekewa programu huria ya KOReader. Majina ya menyu na mafaili yameachwa kama utakavyoyaona kwenye kifaa chako. Ukikwama mahali popote, jiulize kwanza mambo mawili: kitabu hiki kimeingiaje kwenye kifaa, na ndani ya faili lake kimetajwa kuwa cha lugha gani? Matatizo mengi yanayofuata hapa chini yanaanzia hapo.

Nafanyaje kuangazia kifungu na kuandika dokezo?

Gusa neno la kwanza, shikilia hadi libadilike rangi, kisha bila kuinua kidole kiburute mpaka neno la mwisho. Ukiinua kidole itatokea menyu ndogo yenye chaguo la kuangazia na la kuandika dokezo. Skrini hizi huchora upya polepole, kwa hiyo usiende kwa kasi unayoitumia kwenye simu. Kidole kikiitangulia skrini, utaishia mstari usioukusudia.

Ukiinua kidole mapema, kifaa kitadhani unataka maana ya neno na kitafungua kamusi. Hujaharibu kitu. Neno likiwa bado limechaguliwa, shika kishikio cha mwisho wa neno uendelee kuvuta. Kama ukurasa unageuka badala ya neno kuchaguliwa, mguso wako ni mfupi mno, au skrini ina unyevu, au ukingo wa kava unaigusa pembeni.

Kifungu kinaanzia ukurasa huu na kuishia ukurasa unaofuata. Nifanyeje?

Kwenye Kindle, buruta kidole hadi pembe ya chini kulia ukisubirishe hapo. Ukurasa utageuka na uteuzi utaendelea. KOReader ina njia iliyo safi zaidi: chagua neno la mwanzo, gusa Select kwenye menyu, nenda ukurasa wowote unaotaka, kisha gusa neno la mwisho.

Njia inayofanya kazi kila mahali ni kupunguza ukubwa wa fonti mpaka kifungu kizima kikae kwenye ukurasa mmoja, kukiangazia, halafu kurudisha fonti. Alama haitahama, kwa sababu hufungwa kwenye maandishi yenyewe na si kwenye mahali pake katika skrini.

Rangi za kuangazia zinapatikana kwenye vifaa vyote?

Hapana. Kwenye skrini ya kijivu utaona kivuli tu. Vifaa vya rangi vilivyotoka mwaka 2024, kama Kobo Libra Colour na Kindle Colorsoft, vinatoa rangi nne. Rangi zenyewe ni za upole: skrini hizo huonyesha maandishi meusi kwa pikseli 300 kwa inchi, lakini rangi kwa 150 tu. Kama unatumia rangi kupanga hoja (moja ya ufafanuzi, nyingine ya pingamizi), chagua zile zinazotofautiana sana. Njano na rangi ya chungwa zikiwa kwenye mwanga hafifu ni vigumu kuzitenganisha.

Madokezo yangu yanahifadhiwa wapi hasa?

Inategemea kifaa, na inafaa kujua kabla mambo hayajaharibika.

Kindle huyaweka mahali pawili. Kwanza, kila kitabu kina folda ndogo iliyo kando yake, yenye jina la kitabu na kiambishi `.sdr`; humo mna alama zinazoonekana ukifungua kitabu. Pili, kila unachoangazia au kuandika hunakiliwa kwenye faili moja la maandishi liitwalo `My Clippings.txt`, ndani ya folda ya `documents`. Kwa vitabu vilivyonunuliwa kwenye duka lake, nakala nyingine huenda kwenye seva na huonekana kwenye kivinjari kupitia read.amazon.com/notebook.

Kobo huweka kila kitu kwenye hifadhidata moja, `KoboReader.sqlite`, ndani ya folda iliyofichwa iitwayo `.kobo`. Vifungu na madokezo yamo kwenye jedwali la `Bookmark`. Faili hilo ndilo roho ya kifaa: likiharibika, madokezo ya vitabu vyote huondoka pamoja. Ukijiondoa kwenye akaunti, hifadhidata huanza upya, na madokezo ya vitabu ulivyoviingiza mwenyewe kwa kebo hupotea.

KOReader huunda folda ya `.sdr` kando ya kila kitabu, ndani yake faili kama `metadata.epub.lua`. Ni maandishi ya kawaida. Unaweza kulifungua kwa kihariri chochote ukasoma madokezo yako bila programu maalumu. Ukihamisha kitabu kwa kutumia kompyuta, hamisha na folda hiyo, la sivyo kitabu kitafunguka bila madokezo yako. Ukipenda, katika mipangilio unaweza kuiambia itambue kitabu kwa maudhui yake badala ya mahali kilipo (chaguo la `hashdocsettings`). Ukifanya hivyo unaweza kuvipanga upya vitabu vyako bila hofu.

Mbona `My Clippings.txt` ina vifungu vinavyojirudia, hata vile nilivyokwisha kuvifuta?

Kwa sababu faili hilo huongezwa tu, halipunguzwi. Ukiangazia sentensi moja kisha ukairefusha hadi mbili, yataingia maingizo mawili. Ukisahihisha dokezo mara tatu, matoleo yote yatabaki. Ukifuta alama kitabuni, ingizo lake halifutiki.

Kila ingizo lina mistari mitano: jina la kitabu na mwandishi kwenye mabano; aina ya ingizo, ukurasa au namba ya mahali, na tarehe; mstari mtupu; maandishi yenyewe; na mwisho alama kumi za `=`. Dokezo na kifungu kinacholihusu ni maingizo mawili tofauti. Kuyaoanisha, tazama namba ya mahali: namba ya dokezo hulingana na mwisho wa kifungu. Angalia pia kwamba mstari wa pili huandikwa kwa lugha ya menyu za kifaa, kwa hiyo programu ya kuchambua faili hilo iliyotengenezwa kwa menyu za Kiingereza itashindwa ukibadilisha menyu kuwa Kifaransa.

Kusafisha ni rahisi: katika maingizo yanayoanzia namba ileile ya mahali, bakiza lililoingia mwisho.

Badala ya kifungu nilichoangazia napata ujumbe kwamba nimefikia kikomo. Ni nini hiki?

Ni kikomo cha kunakili kinachowekwa na mchapishaji, mara nyingi asilimia 10 ya kitabu. Alama zako bado zinaonekana ndani ya kitabu; kinachozuiwa ni maandishi yake kutoka nje, kwenye faili au kwenye usafirishaji. Kufuta alama za zamani hakurudishi nafasi ipasavyo kwenye `My Clippings.txt`, kwani yaliyokwisha kuandikwa yamekwisha kuandikwa.

Kwa kitabu utakachokichambua kwa kina, angazia maneno machache ya kukuonyesha mahali, na uandike hoja yenyewe kwenye dokezo kwa maneno yako. Maneno yako hayahesabiwi kwenye kikomo. Huwa pia ndiyo yanayofaa zaidi miezi sita baadaye.

Nimeweka toleo jipya la kitabu na alama zote zimehama au kutoweka. Kwa nini?

Alama ni anwani ndani ya faili. Kindle huhesabu mahali kwa namba, ikikigawa kitabu katika vipande vidogo tangu mwanzo. EPUB, muundo wa faili za vitabu unaotumiwa na vifaa vingi, hutumia njia inayopita kwenye mpangilio wa faili: sura ya ngapi, aya ya ngapi, herufi ya ngapi. Ukiongeza dibaji ya kurasa tatu, au ukakibadilisha kitabu upya kwa Calibre (programu ya kompyuta ya kupanga na kubadilisha vitabu) ukitumia mipangilio tofauti, anwani ileile inaelekeza kwingine.

Kobo ina ugumu wake: hukitambua kitabu chenye alama kwa jina la faili lake na folda lilimo. Kubadilisha jina la faili au folda kunatosha kukifanya kitabu kihesabiwe kuwa kipya.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: rekebisha makosa yote ya faili (jalada, yaliyomo, lugha) kabla ya kuanza kusoma. Ukishaanza kuandika madokezo, usiliguse tena. Ikilazimu, toa madokezo kwanza.

Nayatoaje madokezo kwenda kwenye kompyuta?

Kwenye Kindle, chomeka kebo na unakili `My Clippings.txt`. Kwa kitabu kilichonunuliwa, ukurasa wa madokezo kwenye kivinjari husomeka vizuri zaidi.

Kwenye KOReader, fungua kitabu, nenda kwenye menyu ya zana, chagua kusafirisha alama na uchague muundo: Markdown, HTML, JSON au maandishi matupu.

Kobo inahitaji kazi kidogo. Fungua faili `.kobo/Kobo/Kobo eReader.conf` kwa kihariri cha maandishi, tafuta sehemu ya `[FeatureSettings]` (kama haipo, iongeze mwishoni) na chini yake andika:

`ExportHighlights=true`

Hifadhi, ondoa kifaa kwa usalama, kizime na kukiwasha. Sasa kwenye orodha ya vitabu, shikilia jalada la kitabu na utaona chaguo la kusafirisha alama. Ukitaka kila kitu kwa mkupuo, nakili `KoboReader.sqlite` kwenye kompyuta, fungua nakala hiyo kwa programu ya DB Browser for SQLite na uendeshe:

`SELECT VolumeID, Text, Annotation FROM Bookmark ORDER BY VolumeID, DateCreated;`

Safu ya `Text` ni kifungu, `Annotation` ni dokezo lako. Usifungue hifadhidata ikiwa bado kwenye kifaa. Kebo ikichomoka katikati ya kazi utakuwa umepoteza zaidi ya ulichokuwa unakitafuta.

Kompyuta haikioni kifaa, ingawa kinachaji.

Jaribu kebo nyingine kwanza. Kebo nyingi zinazokuja na chaja ndogo hupitisha umeme tu, hazina nyaya za data. Kama kebo ni nzima na kifaa ni Kindle ya kizazi cha 2024 au Scribe, huunganishwa kwa itifaki ya MTP: Windows hukionyesha bila tabu, lakini Mac huhitaji programu ya ziada. Folda ya `.kobo` nayo haionekani kwenye Mac mpaka ubonyeze Command, Shift na nukta kwa pamoja.

Madokezo yangu hayafiki kwenye simu.

Kitabu ulichokiingiza kwa kebo hakisawazishwi, kwenye Kindle wala kwenye Kobo. Seva haikijui. Kwenye Kindle kuna njia ya kati: tuma faili la EPUB kupitia huduma ya Send to Kindle badala ya kulinakili kwa kebo. Litahesabiwa kuwa hati yako binafsi, na alama zitasafiri kati ya kifaa na programu ya simu. Usitegemee kuziona kwenye ukurasa wa madokezo wa kivinjari, kwani huo ni wa vitabu vya dukani.

Kwa vitabu vya dukani, hakikisha kusawazisha kumewashwa kwenye mipangilio, Wi-Fi ipo, kisha lazimisha kusawazisha kwenye vifaa vyote viwili, ukianza na kile chenye madokezo.

Kuna vistari vya nukta nukta chini ya maneno ambayo sikuyaangazia mimi.

Ni vifungu vilivyoangaziwa na wasomaji wengi wa Kindle. Vizime kwenye chaguo za kusoma, sehemu ya alama. Kwa msomaji wa kazi za kitaaluma tunashauri vizimwe: humvuta mtu kuona muhimu kile ambacho wengine wamekwisha kukiona muhimu.

PDF yangu hainiruhusu kuchagua neno lolote.

Huenda ni picha za kurasa tu. Ijaribu kwenye kompyuta: tafuta neno unaloliona wazi kwenye ukurasa. Lisipopatikana, faili halina maandishi, na kifaa hakiwezi kuangazia kisichokuwepo. Dawa yake ni kuongeza safu ya maandishi kwa programu huria ya OCRmyPDF, inayotumia Tesseract, programu inayosoma herufi zilizo kwenye picha. Tesseract ina data ya Kiswahili, msimbo wake ni `swa`. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi chake ni `tesseract-ocr-swa`. Amri ni:

`ocrmypdf -l swa --deskew kitabu.pdf kitabu-kipya.pdf`

Kitabu chenye Kiswahili na Kiingereza kitumie `-l swa+eng`. Kama baadhi ya kurasa tayari zina maandishi, programu itakataa kuendelea. Ongeza `--skip-text` ili izipite hizo. Kama maandishi yaliyopo ni takataka (unachagua «elimu» kinanakiliwa kitu kama «ebmu»), ondoa `--skip-text` utumie `--force-ocr`. Picha zilizopigwa chini ya nukta 300 kwa inchi hutoa makosa mengi, na kila kosa ni neno ambalo kamusi haitalipata.

Naweza kuandika kwa kalamu juu ya maandishi?

Ndiyo, kwenye vifaa vinavyopokea kalamu, kama Kindle Scribe, Kobo Elipsa, Kobo Sage na Libra Colour. Kwenye PDF ni jambo jepesi, ukurasa haubadiliki. Kwenye Scribe, PDF iingie kupitia Send to Kindle. Ile ya kebo ina mipaka ya kuandikwa. Kwenye EPUB, maandishi hutiririka upya kila ubadilishapo fonti, kwa hiyo mchoro wako unaweza kukosa mahali pa kukaa. Weka fonti na pambizo unazozipenda tangu mwanzo, usizibadilishe tena. Mwandiko wa mkono hauingii kwenye `My Clippings.txt`.

Kifaa huchaguaje kamusi ya kufungua?

Hakisomi sentensi na kukisia lugha. Kinaangalia lugha iliyoandikwa kwenye taarifa za kitabu, sehemu ya `dc:language`, kisha kinafungua kamusi uliyoiteua kwa lugha hiyo. Riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa `en` (msimbo wa Kiingereza) itafunguliwa kwa kamusi ya Kiingereza, na kila neno litakosekana. Kosa hili ni la kawaida mno, kwa sababu programu nyingi za kutengeneza EPUB huweka `en` mtengenezaji asipojaza chochote.

Kulirekebisha kwa Calibre: chagua kitabu, hariri taarifa zake, kwenye sehemu ya lugha andika Swahili. Hapo umebadilisha kumbukumbu za Calibre; ili faili lenyewe nalo libadilike, tumia zana ya Calibre iitwayo Polish books ukiwa umeweka alama kwenye chaguo la kusasisha taarifa ndani ya faili. Kisha ndipo ulipeleke kwenye kifaa.

Kwenye Kindle, kamusi za kila lugha huteuliwa kwenye mipangilio, sehemu ya Language and Dictionaries. Lugha isipokuwemo kwenye orodha hiyo, bado unaweza kugusa jina la kamusi kwenye dirisha la maana na kuchagua nyingine iliyomo kwenye kifaa.

Nimeweka kamusi ya Kiswahili lakini haipati hata vitenzi vya kawaida. Ni mbovu?

Pengine si mbovu. Kifaa hulinganisha neno ulilogusa, lilivyo, na orodha ya vidahizo, yaani maneno yanayoongoza maingizo ya kamusi. Kwa Kiingereza inatosha kuongeza maumbo manne au matano kwa kila kitenzi. Kiswahili hakiendi hivyo. Chukua *hawakutusomea*: ha-wa-ku-tu-som-e-a. Kamusi ina *soma*, pengine na *somea*, basi.

Kuyaorodhesha maumbo yote hakuwezekani. Nafsi sita, nyakati nne (li, na, ta, me), viambishi vya yambwa (mtendwa) sita pamoja na hali ya kutokuwepo yambwa: kwa karatasi hayo ni maumbo 168 kwa kitenzi kimoja, na hujagusa ukanushi, ngeli nyingine, virejeshi wala kauli. Kamusi ya Kindle hupokea maumbo yasiyozidi 255 kwa kidahizo. Ndiyo maana kamusi nzuri kabisa ya karatasi ikigeuzwa kuwa ya kifaa huonekana kama haijui lugha.

Kinachosaidia ni kuandika shina mwenyewe. KOReader: menyu ya kutafuta, kisha Dictionary lookup. Kobo: kisanduku cha kutafuta kwenye ukurasa wa mwanzo, ukichagua Dictionary. Kindle: fungua kamusi kama kitabu na uandike neno kwenye sehemu ya kutafuta.

Kulipata shina, ng'oa kutoka kushoto kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha yambwa. Kisha rudisha kiishio *-a*. *Asome* na *hasomi* vyote vinarudi *soma*. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki mwisho, kwa hiyo *hajibu* ni *jibu* na *asamehe* ni *samehe*. Ukikosa, punguza kauli: *someshwa*, *somesha*, *soma*. Vitenzi vya silabi moja hukaa kwa namna mbili: baadhi ya kamusi huviweka kwenye *la*, nyingine kwenye *kula*.

Nomino zina nafuu, umbo la wingi ni moja tu. Kamusi iliyotengenezwa kwa makini itakupeleka kutoka *vyeti* hadi *cheti* na kutoka *nyuso* hadi *uso*. Ikishindwa hata hapo, mtengenezaji hakuongeza maumbo ya wingi, na hilo unaweza kulirekebisha.

Maneno kama *ng'ombe* na *ng'oa* hayapatikani kabisa.

Shida ni kile kialama cha katikati. Kuna cha wima (') na kuna kilichopinda (’), na kwa kifaa hizo ni herufi mbili tofauti. Programu za kuandikia hupenda kukipinda. Kamusi nyingi zimeandikwa kwa cha wima. Kuna vifaa ambavyo huona hapo ndipo neno lilipoishia, hukuletea *ng* au *ombe*.

Kwenye kitabu chako mwenyewe, fungua kihariri cha Calibre na ubadilishe `g’` kuwa `g'` kwenye faili zima. Usibadilishe vyote vilivyopinda, maana alama za kunukuu nazo zitaharibika. Kwenye kamusi unayoitengeneza, weka maumbo yote mawili.

Mhalifu mwingine asiyeonekana ni kistari laini, kinachofichwa ndani ya maneno marefu ili yakatike vizuri mwisho wa mstari. Kitabu kikikataa maneno marefu tu na kukubali mafupi, kishuku hicho. Polish books ina chaguo la kuviondoa.

Nawekaje kamusi ya ziada?

*KOReader* hutumia muundo wa StarDict: mafaili ya `.ifo`, `.idx` na `.dict.dz`, wakati mwingine na `.syn`. Yaweke yote ndani ya folda moja ndogo chini ya `koreader/data/dict`, kisha uanzishe programu upya. Likikosekana `.idx`, kamusi haitaonekana kwenye orodha. Likikosekana `.syn`, itaonekana lakini maumbo ya wingi hayatapatikana.

*Kindle* hupokea kamusi ya MOBI iliyotengenezwa kama kamusi, yenye faharasa na lugha zake zimetajwa. Inakili kwa kebo kwenye `documents/dictionaries`. Kamusi iliyo katika EPUB ni kitabu tu mbele ya Kindle, na ukipitisha kamusi kwenye Calibre kuibadilisha muundo, faharasa yake hupotea.

*Kobo* hutumia faili la zip lenye jina la mtindo wa `dicthtml-sw.zip`, kwenye folda ya `.kobo/custom-dict`. Afadhali uliweke kwa programu ya dictutil, ambayo hushughulikia jina na usajili. Ukilinakili kwa mkono, kosa la herufi moja kwenye jina hulificha.

Nina orodha ya maneno na maana zake. Naweza kuifanya kamusi?

Ndiyo, na si kazi kubwa. Andika faili la maandishi matupu la UTF-8, kila neno mstari wake. Kati ya neno na maana weka nafasi ya kitufe cha Tab, si nafasi za kawaida. Maumbo mengine ya neno yatenganishe kwa alama ya `|`:

`cheti|vyeti` ⇥ `hati inayothibitisha jambo`
`ng'ombe|ng’ombe` ⇥ `mnyama afugwaye kwa maziwa na nyama`

(⇥ hapa inasimama badala ya Tab.) Kisha tumia PyGlossary, programu ya kompyuta ya kubadilisha muundo wa kamusi:

`pyglossary orodha.txt orodha.ifo`

Utapata kamusi ya StarDict kwa ajili ya KOReader. Maana yenye mistari miwili haiwezi kuvunjwa kwa Enter. Andika `\n` mahali pa kukata. Mstari usio na Tab ndio chanzo cha kwanza cha makosa, kwa hiyo utafute kabla ya kuendesha amri.

Kwa Kindle kazi huongezeka: unahitaji HTML yenye `idx:entry` kwa kila neno, `idx:orth` kwa kidahizo na `idx:infl` kwa maumbo, pamoja na faili la taarifa za kitabu, la OPF, lenye `DictionaryInLanguage` na `DictionaryOutLanguage`. Ukisha kuvipata, Kindle Previewer 3 hukutolea MOBI. Ukisahau lugha hizo mbili, utapata kitabu kizuri ambacho kifaa hakitakiita kamusi.

Maneno niliyowahi kuyatafuta huwekwa wapi?

Kindle huyakusanya kwenye Vocabulary Builder, ambayo nyuma yake ni hifadhidata iitwayo `vocab.db` ndani ya `system/vocabulary`, folda ambayo kompyuta nyingi huificha. Thamani yake ni kwamba huhifadhi na sentensi ulimokutana na neno. Ukiweza kuinakili:

`SELECT w.word, l.usage FROM LOOKUPS l JOIN WORDS w ON l.word_key = w.id;`

Toa matokeo kama CSV, yaingize kwenye Anki (programu ya kadi za kujikumbushia), utakuwa na kadi zenye muktadha. Kobo ina orodha yake, My Words, na KOReader ina programu-jalizi ya msamiati inayokuuliza maneno tena kwa vipindi.

Kamusi inahitaji intaneti?

Kamusi iliyomo kwenye kifaa haihitaji. Wikipedia na tafsiri ya sentensi nzima huhitaji Wi-Fi. Ukigusa neno kukafunguka ukurasa wa Wikipedia unaozunguka bila kuisha, telezesha dirisha upande hadi kwenye kamusi.

Maana huchukua sekunde kadhaa kutokea.

Kwenye KOReader, kila kamusi iliyowashwa hupekuliwa kwa kila neno, na utafutaji wa kukisia (wa maneno yanayofanana na ulilogusa) huongeza mzigo juu yake. Bakiza mbili au tatu kwa kitabu unachokisoma, uzime nyingine. Kwenye Kindle, kama umetoka kuingiza vitabu vingi, kifaa kinajenga faharasa yake ya utafutaji. Kichomeke kwenye chaji usiku mmoja. Asubuhi kikiwa bado kizito, kuna faili moja bovu linalokwamisha faharasa, mara nyingi PDF kubwa iliyoingizwa mwisho. Ondoa vitabu vya karibuni kimoja kimoja mpaka wepesi urudi.